Mtu Mmoja, Ghorofa ya Nne

Usiku ambao mama mkwe wangu alipasuliwa kifua, mimi sikukaa hospitali. Nilikaa jikoni kwake, ghorofa ya nne, kwa sababu ndivyo alivyoniamuru.

"Usije ukaketi huko kwenye kiti cha plastiki ukitafuna kucha," aliniambia huku akifungasha kandambili zake. "Kaa kwangu. Angalia bomba lisigande. Na bili ya gesi ikifika, ilipe kabla ya tarehe ishirini. Nife, nisife, gesi haina habari."

Walimwingiza chumba cha upasuaji saa kumi na moja jioni. Walisema itachukua saa tano, labda sita. Ilipofika saa sita usiku simu ilikuwa bado kimya. Niliipeleka dirishani ambako mtandao ni mzuri, nikairudisha mezani, nikaipeleka tena. Nilichemsha chai nikaisahau. Mwishowe niliingia kwenye stoo yake ya chakula, nikawasha taa, nikakaa juu ya gunia la viazi nikiitazama ile kamba.

Ilikuwa kamba ya kuanikia nguo, imefungwa kutoka ukuta hadi ukuta juu ya mitungi ya achari. Bili zote za nyumba zilining'inia hapo kwa vibanio vya mbao: umeme, gesi, ada ya jengo, kodi ya manispaa. Bili isiyolipwa ilibanwa na kibanio kilichosimama. Ikilipwa, anakigeuza kibanio kichwa chini. Mwezi ukiisha anaishusha na kuitia kwenye boksi la viatu. Hiyo ndiyo ilikuwa benki ya Profira Ghenea, na tangu baba mkwe afariki, miaka kumi na tisa, hakuna kibanio kilichosimama kupita tarehe yake. Usiku ule kilisimama kimoja tu, cha gesi. Nilikitazama mpaka macho yakaniuma. Niliogopa hata kupumua, kana kwamba kikianguka, na yeye kaanguka.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi simu ililia. Ilikuwa sauti ya muuguzi, imechoka.

"Wewe ndiye Sanda?"

"Ndimi."

"Mama mkwe wako ameamka. Ana mpira kooni, hawezi kusema, lakini anaandika kwa kidole kwenye shuka. Tumehangaika kusoma. Tunadhani ni gesi."

"Mwambie nimelipa," nikasema, na machozi yananitoka.

Nilikuwa sijalipa. Nilivaa koti nikaenda kusimama nje ya posta kwenye theluji mpaka wakafungua.

*

Mama huyu alishona mikono ya mashati ya wanaume kwa miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha hapa mjini Brăila. Mikono tu, kola zilikuwa kazi ya mtu mwingine. Mpaka leo akimwona mwanamume barabarani anamtazama kiwiko kwanza. Kiwanda kilipofungwa alibaki na pensheni ndogo, nyumba ya vyumba vitatu juu kabisa ya jengo lisilo na lifti, na mwana mmoja, Relu, mume wangu, ambaye anaezeka mapaa Ujerumani na huja nyumbani Krismasi na mwezi wa nane.

Hata kabla moyo haujamsumbua alikuwa ameshaamua kuhama. Alinionyesha hesabu kwenye karatasi ya keki. Majira ya baridi, kupasha moto vyumba vitatu kulikula theluthi moja ya pensheni yake.

"Nalala chumba kimoja," alisema. "Viwili vinavyobaki napashia moto nini? Hewa? Hewa inanilipa kodi?"

Kwenye ngazi ya pili ya jengo hilohilo, yaani mlango mwingine wenye ngazi zake, kulikuwa na mjane, Bi Aglaia, aliyetaka kuhamia kwa mwanawe mjini Timișoara. Yeye alikuwa na chumba kimoja na jiko, chini kabisa, mlango hatua nne kutoka barabarani. Mama aliona auze nyumba yake, anunue kile chumba, na tofauti ya pesa imtunze.

Relu alikuwa na mawazo yake juu ya hiyo tofauti. Alipiga simu akasema mama auze, sawa, lakini aje akae kwetu. Nyumba ya nini tena kwa mtu mmoja?

Mama aliichukua simu mkononi mwangu. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nimekaa na mama mkwe miaka tisa. Huyu Sanda kanikosea nini hata nimfanyie hivyo?"

Nilicheka, lakini kusema kweli, moyoni nilikuwa upande wa Relu. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Binti yangu Otilia akichelewa dakika kumi kutoka shule nimeshamwona mochwari. Mtu wa miaka sitini na tisa, moyo mbovu, peke yake nyuma ya mlango uliofungwa? Nilitaka awe mahali ninapoweza kumsikia akikohoa.

Ndipo daktari akasema moyo unataka kupasuliwa, tena upesi. Na mama, badala ya kuahirisha mambo ya nyumba, aliyaharakisha. Siku tatu kabla ya kwenda hospitali alifungua kabati na kutoa bunda la maziko. Kila mwanamke wa umri wake hapa analo: gauni, viatu vipya, mishumaa, taulo za kuwapa wabeba jeneza, na bahasha ya pesa. Alichukua bahasha, akarudisha nguo. Yuro elfu moja na mia mbili. Akazipeleka kwa Bi Aglaia kuwa arubuni. Wakaandikiana kwamba Ijumaa ya kabla ya Jumapili ya Matawi watakwenda kwa wakili wa hati kutia saini, pamoja na vijana wawili waliokwisha kupatana na mama kununua nyumba ya juu. Asipokuwa tayari siku hiyo, arubuni imepotea na chumba kinauzwa kwa mwingine.

"Mama, na ikitokea..." nilishindwa kumaliza.

"Ikitokea nini? Kufa? Kwa pesa gani? Nimeshazitumia. Sasa hata nikitaka sina nauli."

*

Kosa nililifanya mimi. Siku nne baada ya upasuaji ilikuwa Jumamosi ya wafu, ile ya kabla ya mfungo. Nilichemsha ngano ya kuwakumbuka marehemu, nikaipamba kwa sukari, nikaenda kanisani kama kila mwaka na kikaratasi cha majina. Kikaratasi chetu kina safu mbili. Upande huu walio hai, wa kuombewa afya, na upande ule, wenye msalaba, marehemu. Nilikuwa sijalala vizuri siku nne. Niliandika jina la baba mkwe, Neculai, nikaandika la mama yangu, Tasia. Halafu nikafikiria nani mwingine anahitaji sala kuliko wote, na mkono ukaendelea kwenda chini palepale.

Sikujua mpaka padri aliposoma. "Neculai, Tasia, Profira."

Nyuma yangu alisimama Bi Veta wa ghorofa ya pili, mwanamke ambaye akipata habari asubuhi, mchana iko mtaa wa pili. Nilisikia akivuta pumzi. Tulipotoka alinishika bega.

"Profira? Yule wetu?"

Nilitaka kusema hapana, nimekosea, yuko hai, anakula supu. Badala ya maneno yakatoka machozi matupu. Bi Veta akayachukua hayo kuwa jibu. Alinikumbatia, akajifanyia ishara ya msalaba, akaondoka haraka kuliko inavyomfaa mtu wa magoti kama yake.

Sikumwambia mama. Hospitalini walimweka wiki mbili, kisha wakampeleka nyumba ya kujenga afya huko milimani, jumla siku thelathini na tatu. Kila alipopiga simu aliuliza vibanio. Nami nilijibu: umeme umegeuzwa, kodi imegeuzwa. Ada ya jengo bado, orodha haijatoka.

Orodha ya ada hubandikwa kwenye ubao wa mlangoni, kila ngazi na yake, watu wote wasome: nyumba namba fulani, jina, watu wangapi, maji kiasi gani, taka kiasi gani, nani anadaiwa. Maji hugawanywa kwa vichwa. Kwa hiyo kila mtu hapa anajua vichwa vya mwenzake kuliko anavyojua siku zake za kuzaliwa. Katikati ya mwezi wa tatu Otilia alipita pale akitoka shule, akaipiga picha akanitumia. Nyumba ya 17. Ghenea Profira. Watu: 0.

Chini yake Otilia aliandika: "Mama, bibi amekuwa sifuri."

Nilimpigia msimamizi wa jengo, Bwana Titel Cozma, yeye ndiye anayetengeneza orodha.

"Poleni sana na msiba," alisema.

"Hakuna msiba, Bwana Titel. Yuko hai. Yuko milimani."

"Mbona padri kasoma?"

"Mimi ndiye niliyekosea kuandika."

"Sasa, Bi Sanda, mimi nitamwamini nani? Padri au simu?" Nilisikia anatabasamu. "Aje mwenyewe aseme."

Jioni ile nilikwenda kwa Bi Aglaia. Alifungua mlango, na nyuma yake nikamwona kijana amepanda kiti anapima dirisha kwa futi. Huyo alikuwa mtoto wa ubatizo wa Bwana Titel.

"Nisamehe, mwanangu," Bi Aglaia alisema, uso umemwiva. "Waliniambia mnunuzi wangu kafa."

"Yuko hai, na arubuni yake unayo."

"Akija Ijumaa ile na karatasi zake zote, chumba ni chake. Mimi nimeandika, sivunji. Lakini asipokuja nazo, huyu kijana ana pesa mkononi."

Karatasi zote. Sikulala usiku ule. Wakili wa hati haandiki mauzo ya nyumba bila cheti cha msimamizi wa jengo kwamba nyumba haidaiwi chochote. Na cheti hicho kilikuwa mkononi mwa Bwana Titel.

*

Mama alirudi zikiwa zimebaki siku kumi na tisa kabla ya siku ya saini. Alikuwa amepungua, koti linamwogelea, na kovu limempanda mpaka karibu na koo. Alisimama mbele ya ubao, akavaa miwani. Mimi nilishika begi nikitazama viatu vyangu.

"Sanda."

"Ndiyo, mama."

"Sifuri ni nini hapa?"

Nikamwambia yote pale mlangoni, ngano, kikaratasi, Bi Veta, kijana wa futi. Nilijua wanawake ambao jambo kama lile lingewalaza kitandani. Kusomwa pamoja na wafu ukiwa hai si mchezo kwetu. Alinisikiliza bila kuvua miwani.

"Ulimlipa padri lei ngapi kunisoma?"

"Lei tano, mama."

"Lei tano! Umenizika kwa lei tano, na mimi nilikuwa nimeweka yuro elfu moja na mia mbili!" Akaanza kucheka, akajishika kifua kwa mikono miwili kwa sababu mfupa ulikuwa haujaunga. "Usinichekeshe, nitapasuka. Ndiyo maana nilipona. Mungu kasikia jina, kafungua mlango, hakuona mtu. Kafunga."

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Huyo mwenye kalamu ya sifuri ndiye sijamsamehe. Shika begi, twende juu."

Ngazi ni sabini na mbili. Tulizipanda kwa dakika ishirini na tano. Kila ghorofa alikaa kwenye kigoda kidogo cha kukunja nilichomletea, na kila aliyepita na kushtuka aliambiwa, "Ni mimi. Pita, jirani, siumi."

Daktari alikuwa amemwambia kwa miezi mitatu asibebe kitu kizidicho kilo tatu. Mtu mwingine angeelewa hapo kwamba asihame. Yeye alitoa mizani ya jikoni, akaiweka mezani, akaanza kuipima nyumba yake. Mtungi wa pilipili hoho, kilo moja na robo, mikononi. Sufuria kubwa, kilo tatu na gramu mia, haiendi. Akafungua kifuniko akakiweka kando. "Sasa kilo mbili na mia sita. Inaenda." Kila siku alishuka mara moja asubuhi na mara moja jioni na mzigo wake mmoja, akauweka kwenye kichumba chake cha stoo chini ya jengo. Mimi nilikuwa nyuma yake, mikono mbele, kama mtu anayefukuza kuku.

"Mama, kuna watu wa kulipwa."

"Kabati na kitanda watabeba hao, nimeshapatana nao. Mitungi ninabeba mwenyewe. Mtu wa kulipwa akinivunjia pilipili atanilipa nini, samahani?"

Jumatano ndiyo siku ya Bwana Titel, saa kumi na moja hadi saa moja jioni, katika kile chumba cha chini ambacho zamani watu walianikia nguo. Jumatano ya kwanza alimpokea mama kwa kusimama.

"Bi Profira! Uso wako mzuri, Mungu ashukuriwe, umekuwa msichana. Lakini unaona, mwezi wa pili umeshafungwa na sifuri. Kufungua mwezi uliofungwa ni kazi ya kamati. Na mwenyekiti yuko Italia kwa binti yake, anarudi baada ya Pasaka."

"Baada ya Pasaka nitakuwa nimepoteza arubuni."

"Nasikitika. Sheria."

Jumatano ya pili tulikuta mlango una kufuli na karatasi: MGONJWA.

"Mgonjwa," mama alisema akiisoma. "Mgonjwa amepanda na kushuka ngazi sabini na mbili kumfuata mzima, mzima yuko kitandani."

Relu alipiga simu usiku ule. Alisema tuache, arubuni ni pesa, zitapatikana nyingine, mama aje kwetu, ameshachoka. Mama aliniomba simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole, "Relu, nilikufundisha kutembea. Usinifundishe kukaa." Akakata. Nami nilikuwa nimekwisha kutandika kitanda cha Otilia kwa ajili yake. Alikuwa amekiona.

*

Jumatano ya mwisho, siku mbili kabla ya saini, tulifika saa kumi. Mama alifungua kigoda chake akaketi mbele ya mlango wa Bwana Titel, bahasha mapajani. Bwana Titel alipokuja hakuwa na pa kupita. Mama alisogea kidogo, akaingia naye.

Watu walikuwa wameanza kupanga foleni ya kulipa ada. Bi Veta alikuwa wa tatu.

"Bwana Titel," mama alisema, "leo nataka cheti."

"Bi Profira, tumeshaongea. Kwa kuwa hukuwapo siku thelathini na tatu, una haki ya kutolewa kwenye hesabu ya maji. Mimi sikudhulumu, nakupunguzia! Andika ombi, kamati italipitisha, cheti kinatoka. Baada ya Pasaka."

Niliuona mtego. Akiandika ombi, anasubiri kamati. Mama naye alikuwa ameuona, pengine tangu siku ile alipoutazama ubao.

"Siandiki ombi," alisema. "Mimi sikuomba kupunguziwa. Niandike mtu mmoja."

"Lakini hukunywa maji yetu!"

"Sikunywa. Nitayalipa."

Foleni ilisogea karibu. Wote walimjua Profira Ghenea. Huyu ni mwanamke aliyewahi kurudi sokoni kwa miguu kudai bani hamsini, yaani nusu lei. Kulipa maji aliyokunywa mwingine, yeye? Mimi mwenyewe nilimgeukia.

"Mtu mmoja, mwezi mmoja, maji na taka, lei hamsini na nane," aliendelea. "Faini ya kuchelewa sidaiwi, kwa sababu hukunidai. Ziko hapa, sawasawa, hutahitaji kunirudishia chenji. Nikishalipa, nyumba haidaiwi. Nyumba isiyodaiwa inapewa cheti. Hapo kamati inaingilia wapi?"

Bwana Titel alijipangusa mdomo. "Orodha imeshabandikwa, inasema sifuri. Mimi nitachukuaje pesa kwa sifuri? Wakazi lazima wathibitishe kwamba kuna mtu."

Nadhani alisema kwa dhihaka, maana alicheka kidogo. Mama hakucheka. Alimgeukia Bi Veta.

"Veta, njoo hapa mbele. Mimi ni nani?"

"Yesu wangu, Profira, wewe ni wewe."

"Niko hai?"

"Unanisuta, maana yake uko hai."

"Mwezi wa pili ulilipa maji kiasi gani?"

Bi Veta alitazama karatasi yake. "Yalipanda kidogo."

"Yalipanda kwa sababu mimi nilipungua. Maji ya ngazi nzima mmegawana bila mimi. Kufa kwangu mmekulipia nyinyi." Alitoa kwenye bahasha karatasi ya daftari la Otilia, mistari imepigwa kwa rula. Juu ilikuwa imeandikwa: Tunamwona, yupo, ni mtu mmoja. "Anayetaka pesa yake irudi mwezi ujao, atie saini."

Mzee wa ghorofa ya tatu aliyekuwa mwisho wa foleni alipaza sauti, "Nipisheni, mimi nimemwona wa kwanza! Alinizibia ngazi kwa kigoda chake!"

Walicheka. Kalamu ikaanza kuzunguka. Mmoja aliuliza kama anaweza kumsainia mkewe, mama akasema mke aje mwenyewe atazame, hapa si kwa padri. Bi Veta alitia saini kwa herufi kubwa, kisha akaninong'oneza, "Na wewe ungeniambia siku ile, mwanangu." Niliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa na haki.

Saini kumi na nne. Mama aliiweka karatasi mezani, juu yake akazipanga pesa.

"Hesabu, Bwana Titel."

Alizihesabu mara mbili. Alitutazama, akawatazama watu walioziba mlango. Hakuna aliyeondoka ingawa wengine walikuwa wameshatia saini. Alifungua droo akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga. Kabla hajaachia karatasi alisema kwa sauti ya chini, "Mtoto wangu wa ubatizo anaoa mwezi wa sita. Hana pa kukaa."

Mama aliivuta karatasi taratibu. "Mwambie nyumba yangu ya juu tayari ina mteja. Lakini kwenye ngazi ya tatu kuna wa ghorofa ya nne anauza. Miguu ya kijana ni mizuri, Sanda kaiona juu ya kiti."

*

Ijumaa saini zilitiwa, mbili kwa mpigo, wale vijana walionunua nyumba ya juu wakiwa upande huu na Bi Aglaia upande ule. Mama alisoma kila ukurasa huku wakili akitazama saa yake. Jumamosi wabebaji walishusha kabati na kitanda kwa kamba. Mitungi ilitoka kwenye kichumba cha chini mmoja mmoja. Mimi niliruhusiwa kubeba sufuria bila kifuniko chake.

Jioni palibaki vitu viwili huko juu, kamba ya stoo na vibanio vyake. Alipanda kuvifuata mwenyewe. Alishuka kamba imezungushwa mkononi, akipumua kwa mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mlango mpya na begi la nguo zangu za kulalia. Nilikuwa nimemwambia Otilia sitarudi usiku huo.

Mama alilitazama begi.

"Hilo kilo ngapi?"

"Mama, usiku wa kwanza tu. Nitalala kwenye kiti. Ukitaka maji, ukizidiwa..."

"Chumba kimoja hiki, Sanda. Kimoja. Ukiingia wewe tunakuwa watu wawili, Titel atatuandika."

"Sitanii."

"Hata mimi." Alinishika shavu kwa mkono ule wenye kamba. Ulikuwa wa baridi. "Umenikeshea mwezi mzima, mwanangu. Nenda ukalale kwako."

Akaingia. Nikasikia ufunguo ukizunguka mara moja, mara ya pili. Nilisimama pale nikisikiliza. Kiti kiliburutwa. Kitu kiligongwa ukutani, msumari, polepole, na kati ya pigo na pigo palikuwa na mapumziko marefu kiasi cha kunitoa jasho. Nilibonyeza kengele.

"Nani?"

"Mimi."

"Unataka nini?"

"Unagonga kwa nyundo gani? Ina uzito gani?"

"Ya nyama. Gramu mia nne, nimepima." Pigo jingine. "Sanda?"

"Naam, mama."

"Bili ya kwanza ya hapa inakuja lini?"

"Tarehe kumi na tano."

"Haya. Uje tarehe kumi na nne, unywe kahawa."

Nilisubiri kidogo pengine abadili mawazo. Mlango ulibaki umefungwa. Ndani, msumari wa pili ulianza kuingia.